Kujitunza au Kupumzishwa? Lugha ya Matunzo na Hali ya Wauguzaji wa Nyumbani Mpumudde, Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Miongozo mingi ya afya humwambia anayemhudumia mgonjwa nyumbani kwamba ni lazima ajitunze. Makala haya yanauchunguza wito huo kwa kuurejesha mahali unapotarajiwa kutekelezwa: katika nyumba za kupanga za Mpumudde, jijini Jinja, na katika mazingira yanayofanana nayo jijini Mbale. Kwa kuanzia na vitenzi ambavyo Kiswahili kinavitumia kuelezea ugonjwa na pumziko, makala yanaonesha kwamba pumziko la muuguzaji ni tendo la mtu mwingine kabla halijawa tendo lake mwenyewe. Ushahidi wa kitabibu, historia ya huduma za nyumbani Jinja na desturi za kufiwa vinatumika kueleza kwa nini sera zinazoishia kwenye ushauri haziwafikii wauguzaji, na ni hatua gani zilizo ndani ya uwezo wa mifumo iliyopo.

Maneno muhimu: kujitunza, kuuguza, kupumzishwa, zamu, Mpumudde

1.0 Jina la Mahali

Mpumudde ni eneo la jiji la Jinja, upande wa mashariki wa Mto Naili, takriban kilomita 80 kutoka Kampala. Kwa Luganda jina hilo ni sentensi kamili: "nimepumzika". Linatokana na kitenzi kuwummula, ambacho ni ndugu wa pumua na pumzika vya Kiswahili. Mzizi wa Kibantu ni mmoja, na katika nafsi ya kwanza umoja sauti ya p iliyofifia katika Luganda hujitokeza tena. Jina hilohilo lipo Mbale, na lipo pia Lyantonde, magharibi mwa Masaka. Kusambaa huko kunadokeza kwamba huenda jina lilianza kama jina la kawaida la mahali pa kutua mzigo.

Kwa Jinja, hata hivyo, simulizi iliyozoeleka hulihusisha na Kabalega, Omukama wa Bunyoro-Kitara. Kabalega alikamatwa na Waingereza mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli. Aliporuhusiwa kurejea mwaka 1923 alikuwa mzee na mgonjwa, na mwezi Aprili mwaka huo alifariki Mpumudde kabla ya kufika kwao. Kaburi lake liko Mparo, Hoima. Simulizi hiyo, kama isimuliwavyo kwa kawaida, humtaja mgonjwa na pumziko lake la mwisho. Waliomgeuza kitandani, waliomnywesha maji na kukesha naye hawatajwi. Kutotajwa huko ndiko kunakofanana na hali ya leo, kwa kuwa ndani ya eneo lenye jina la pumziko wamo watu ambao kazi yao haina mapumziko na ambao takwimu za afya haziwahesabu.

2.0 Vitenzi Vinavyojua Zaidi ya Sera

Kiswahili kina utajiri usiotumika katika jambo hili. Kitenzi ugua kikiingia katika kauli ya kutendesha huwa uguza. Kwa kawaida kauli hiyo humfanya mtendaji kuwa chanzo cha tukio: anayelaza humfanya mwingine alale. Anayeuguza, hata hivyo, hamfanyi mtu awe mgonjwa. Anakaa naye ndani ya ugonjwa wake na kuupitia pamoja naye hadi mwisho. Kutokana na kitenzi hiki lugha imezalisha nomino mbili. Muuguzi amekuwa mtaalamu mwenye sare, cheti na mshahara. Muuguzaji, yaani ndugu anayekaa na mgonjwa, amebaki bila nafasi katika nyaraka. Huitwa mara mlezi, mara mwangalizi, mara "mtu aliyekuja na mgonjwa". Luganda kina neno omujjanjabi, ambalo katika wodi za Uganda humtaja ndugu huyo bila utata. Katika hospitali za umma za nchi hiyo ndiye anayepika, anayefua, anayenunua dawa zisizopatikana na anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, na bila yeye wodi nyingi zisingeweza kufanya kazi.

Kauli ya pili yenye kufunza ni uguliwa. Mtu husema "ameuguliwa na mama yake" kama vile asemavyo "amefiwa na mama yake". Katika kauli zote mbili nafsi inayotajwa kwanza si aliyeugua wala aliyekufa. Ni yule aliyepatwa na ugonjwa au kifo cha mwingine. Sarufi inakubali kwamba ugonjwa wa mtu mmoja humtokea mtu mwingine pia.

Kujitunza ni umbo tofauti. Kiambishi cha kujirejea -ji- humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Kinapotumiwa katika miongozo ya afya, wajibu wote humrudia yuleyule ambaye tayari amebeba wajibu wote. Kitenzi pumzika nacho kina mnyambuliko ambao miongozo haiutumii: pumzisha, na kutoka hapo pumzishwa. Anayepumzishwa ana mtu aliyekuja, akashika nafasi yake, akamwambia aende. Hoja ya makala haya imo katika tofauti hiyo ya viambishi. Kwa muuguzaji wa nyumbani kujitunza hakuwezekani mpaka kwanza apumzishwe, na sera inayotaja la kwanza bila kulipanga la pili inampa kazi ya ziada.

3.0 Hesabu ya Saa Mbili

Chukuliwe mfano wa kaya ambayo wahudumu wa afya wa mashariki mwa Uganda wangeitambua mara moja: mwanamke aliyevuka miaka hamsini, mumewe aliyepooza kwa kiharusi, na wajukuu wawili wa shule ya msingi, wote katika nyumba ya kupanga ya chumba kimoja ambayo wenyeji huiita muzigo. (Msomaji wa Kiswahili atasikia neno lake mwenyewe humo.) Mgonjwa amesharuhusiwa kutoka hospitali. Maelekezo aliyopewa mkewe ni sahihi kitabibu: ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia.

Kila saa mbili ni mara kumi na mbili kwa usiku na mchana. Mtu mmoja akiyafuata maelekezo hayo peke yake, hawezi kulala zaidi ya saa mbili mfululizo, si usiku huu tu bali kila usiku, kwa miezi au miaka. Katikati ya zamu hizo kuna maji ya kuchota, sabuni ya kutafuta, uji wa kukoroga, nguo za kitandani za kufua, mtoto wa kupelekwa shuleni na kodi ya mwisho wa mwezi. Katika mazungumzo yaleyale ya kuruhusiwa, muuguzaji huyu huweza kuambiwa, kwa wema kabisa, kwamba alale vizuri, ale vizuri na asijisahau. Mashauri hayo mawili hayawezi kutekelezwa na mwili mmoja. Akigeuza mgonjwa hatalala. Akilala, mgonjwa atapata vidonda, na atakaporudishwa kituoni ataulizwa yeye.

Mara nyingi hutokea la tatu. Binti wa miaka kumi na mbili huamshwa usiku ashike upande mmoja wa shuka, na asubuhi husinzia darasani au haendi kabisa. Pengo la zamu huzibwa na aliye mdogo zaidi nyumbani na asiye na sauti ya kukataa. Ni vigumu kuona ni kwa vipi ushauri wa kujitunza, hata ukitolewa kwa lugha nzuri kiasi gani, ungemrudisha binti huyo kitandani.

Mfano wa kinyume upo, na haukuhitaji fedha nyingi. Katika huduma shufaa, ambayo Uganda ina historia ndefu nayo tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji hupewa mgonjwa kila baada ya saa nne. Kwa utaratibu huo mtu angelazimika kuamka usiku wa manane. Wataalamu hulitatua jambo hilo kwa kuagiza kipimo cha wakati wa kulala kiwe maradufu, ili cha usiku wa manane kiachwe. Mgonjwa hulala, na anayempa dawa hulala pia. Pumziko la muuguzaji limeandikwa ndani ya agizo la dawa, na halikuachwa kuwa suala la tabia yake njema.

4.0 Ushahidi Unasema Nini, na Unanyamaza Wapi

Madai kwamba kuuguza kunaua yametolewa mara nyingi, na yanahitaji kuangaliwa kwa makini. Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Schulz na Beach, uliochapishwa Marekani mwaka 1999. Uliwafuatilia wazee waliokuwa wakiwahudumia wenzi wao kwa takriban miaka minne. Waliokuwa wakihudumu huku wakihisi kuelemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiohudumia. Takwimu hiyo hunukuliwa peke yake, na hilo ni kosa, kwa sababu katika utafiti huohuo waliohudumu bila kuelemewa hawakuonesha ongezeko la namna hiyo. Mwaka 2013 Roth na wenzake, wakitumia kundi kubwa zaidi la Wamarekani, walikuta kwamba kwa jumla wanaohudumia jamaa zao walikuwa na kiwango cha vifo kilicho chini kwa asilimia 18 kuliko wasiohudumia.

Matokeo hayo hayapingani. Kinachodhuru ni kuuguza bila mpokezi wala mwisho unaojulikana. Kuuguza kwenyewe, kukiwa na mipaka, hakujaoneshwa kuwa hatari. Sera inayolenga kuwaondolea watu jukumu la jamaa zao ingekuwa imekosea shabaha, na Mpumudde isingepokelewa.

Mahali ambapo elimu ya dunia inanyamaza ni katika jina la hali yenyewe. Tangu Freudenberger alipoandika kuhusu uchovu wa wahudumu mwaka 1974, na Maslach alipounda kipimo chake mwaka 1981, uchovu sugu wa kazi umeelezwa kwa sura tatu: kuishiwa nguvu, kuwa baridi kwa wanaohudumiwa, na kuona kwamba hakuna unalolifanikisha. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika toleo la kumi na moja la uainishaji wa magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019, lakini likaufunga ndani ya mazingira ya ajira na kueleza kwamba usitumike kwa nyanja nyingine za maisha. Muuguzi wa wodini anaweza kuwa nao. Muuguzaji aliyelala kwenye mkeka mita moja kutoka kwake hawezi, kwa sababu yeye hana mwajiri. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba dunia hutumia saa bilioni 16.4 kila siku katika kazi ya matunzo isiyolipwa, na kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya kazi hiyo.

5.0 Jinja na Mbale Zimewahi Kulijua Jambo Hili

Historia ya karibu ya eneo hili inaonesha kwamba hoja ya kupumzishwa si ngeni. TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI lililoanzishwa Kampala mwaka 1987, lilitokana na kundi dogo la watu waliokuwa wakikutana kufarijiana. Mwanzilishi wake, Noerine Kaleeba, alikuwa amemuuguza mumewe Christopher hadi alipofariki mwanzoni mwa mwaka huohuo, na wengi wa wenzake walikuwa wenyewe wameambukizwa. Kabla ya kuwa na kliniki, dawa au ofisi, walikuwa na duara la watu waliochoka kwa sababu moja. Vituo vya shirika hilo vilifunguliwa baadaye Jinja na Mbale.

Jinja ndiko pia kulikofanyika mojawapo ya majaribio muhimu ya huduma ya nyumbani barani Afrika. Matokeo yake, yaliyochapishwa katika The Lancet mwaka 2009, yalihusu wagonjwa 1,453 katika maeneo 44, na yalionesha kwamba kupeleka dawa za kufubaza virusi nyumbani kupitia wahudumu waliopewa mafunzo mafupi hakukuwa duni kuliko kuwaita wagonjwa kituoni. Kuliwapunguzia wagonjwa gharama pia. Ni matokeo ya kujivunia. Kipimo chake kikuu, kama ilivyostahili, kilikuwa virusi katika damu ya mgonjwa. Somo ambalo mifumo mingi imelichukua kutoka enzi ile ni kwamba nyumba inaweza kuwa mahali pa tiba, bila kuuliza nyumba hiyo inafanya kazi kwa nguvu za nani. Dawa za UKIMWI ziliwanyanyua wagonjwa wakarudi kazini. Kiharusi, saratani, kupooza kwa ubongo kwa watoto na usahaulifu wa uzeeni haviwanyanyui watu kwa namna hiyo, na ndivyo vinavyozidi kujaza vyumba. Mbale, ambako hospitali ya CURE imewafanyia upasuaji watoto wenye vichwa maji tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtoto aliyeokolewa hurudi nyumbani, na baadhi ya watoto hao huhitaji mkono wa mama kwa miaka mingi.

Hali ya mji huongeza uzito. Jinja ilikua kwa viwanda vilivyofuata bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na mitaa ya wafanyakazi iliwapokea watu kutoka pande nyingi. Hadi leo, karibu na kambi na shule za kijeshi za Kimaka, Kiswahili husikika bega kwa bega na Lusoga na Luganda. Mchanganyiko huo una gharama yake: mpangaji anaweza kuwa na majirani ishirini na asiwe na dada hata mmoja. Kijijini zamu hupangwa na ukoo bila kikao. Mkaza mwana huja wiki hii, shangazi wiki ijayo. Katika muzigo wa mjini mnyororo huo hukatika, na nauli ya kumleta shangazi huweza kuzidi bei ya dawa.

6.0 Kufiwa Kuna Utaratibu, Kuuguliwa Hakuna

Tofauti inayopaswa kuwashughulisha washauri wa sera ni ile iliyopo kati ya vitenzi viwili vilivyotajwa juu. Mtu akifiwa, jamii yote ya Afrika Mashariki inajua la kufanya. Majirani huleta kuni na sufuria, mfiwa hapiki, watu hulala naye, na mwajiri huelewa. Katika Uganda vyama vya munno mukabi, yaani "mwenzio katika shida", vimejengwa juu ya utaratibu huo: wanachama huchanga fedha, hununua vyombo na viti, na msiba ukitokea kila mmoja anajua zamu yake. Mfiwa hupumzishwa kwa maana kamili ya kauli ya kutendeshwa.

Mtu akiuguliwa kwa muda mrefu hupewa pole. Wiki ya kwanza huja na watu na matunda. Mwezi wa tatu huja na salamu tu. Sababu si ukosefu wa utu. Msiba una siku zinazohesabika, na jamii inaweza kujitoa kikamilifu kwa siku hizo. Ugonjwa mrefu hauna arubaini. Sheria nayo imefuata mkondo huohuo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua likizo ya mwaka, likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mama na siku nne kwa baba, na malipo ya mfanyakazi anapougua mwenyewe. Anayeuguliwa hutumia likizo yake ya mwaka, au huacha kazi. Ruzuku ya wazee, shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, ilipoenezwa nchi nzima iliwalenga waliofikisha miaka 80, ilhali wengi wa wauguzaji wakuu wako miaka ishirini au thelathini chini ya umri huo.

7.0 Kupanga Zamu

Njia ya kwanza ya kuingilia kati iko tayari mikononi mwa mfumo. Timu za Afya za Vijiji, ambazo Uganda ilizianzisha mwaka 2001, huingia katika nyumba zilezile ambamo wauguzaji wamo. Tatizo ni kwamba wanatimu hao ni watu wa kujitolea, nao wengi ni wanawake wenye wagonjwa wao. Kumtaka mtu asiyelipwa amchunguze uchovu mtu mwingine asiyelipwa ni kuhamisha mzigo mlango mmoja tu. Kenya imechukua mwelekeo mwingine: mwezi Septemba 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye vifaa na posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi inayochangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Posho hiyo ni ndogo, lakini inatoa msingi wa kumwongezea mhudumu jukumu jipya bila aibu.

Jukumu hilo linaweza kuwa dogo: kutafuta nusu siku moja kwa wiki ambapo mtu mwingine aliyefundishwa kumgeuza, kumlisha na kumsafisha mgonjwa anashika nafasi. Vyama vya munno mukabi vina daftari, uaminifu na mazoea ya zamu. Vinachokosa ni sababu ya kufungua daftari kabla ya kifo. Ruzuku kidogo ya manispaa, iliyofungamanishwa na saa za kupumzisha badala ya jeneza na turubai, ingejaribu kama utaratibu wa msiba unaweza kunyooshwa ukafika kwenye ugonjwa. Inawezekana usinyooke. Ipo hofu ya haki kwamba fedha zitaharibu hisani, na kwamba jirani aliyekuwa akija bure atauliza malipo yake. Hofu hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama jirani huyo angekuwa bado anakuja katika mwezi wa tatu.

Upo pia upinzani wa wauguzaji wenyewe. Mke anaweza kukataa mgeni asimwone mumewe bila nguo. Binti anaweza kuona kwamba kupokelewa ni kukiri kushindwa. Kwa sababu hiyo anayepumzisha hafai kupangiwa nyumba kutoka ofisini. Achaguliwe na muuguzaji mwenyewe, na afundishwe kando ya kitanda, mbele ya mgonjwa.

Kwa upande wa lugha, uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa Julai 2022 wa kukubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na kukifundisha kwa lazima shuleni, unamaanisha kwamba nyaraka za afya za kikanda zitaandikwa na kutafsiriwa kwa wingi zaidi. Watafsiri watakutana na istilahi za kigeni za matunzo na watazielekeza, kwa mazoea, kwenye -ji-. Nomino muuguzaji inastahili kuingizwa katika istilahi hizo ikiwa na maana yake mahususi, tofauti na muuguzi na mlezi, ili mtu huyo aweze kuhesabiwa.

Fomu ya kumruhusu mgonjwa kutoka wodini ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa tayari ina safu ya jina la jamaa wa karibu na namba yake ya simu. Ikiongezwa safu moja yenye swali "Nani hukupumzisha?", muuguzi ataandika jina, au ataandika "hakuna". Penye "hakuna", maelekezo ya kugeuza kila saa mbili hayana budi kutolewa pamoja na jina la mtu wa pili kutoka kijiji au mtaa wa mgonjwa, aliyekwisha kupigiwa simu kabla gari la kumrudisha nyumbani halijaondoka.